Mstari wa Swali la Tisa

Fomu imechapwa kwa Kiingereza, karatasi ya kijani,
na swali la tisa limeachiwa mstari mfupi kama kope:
kabla ya maradhi, katika kusema, mgonjwa alikuwa mtu wa namna gani?
Neno moja latosha, anasema Sista Jincy,
ananipa kalamu yenye jina la duka la dawa la Ruwi.

Neno moja. Kwa Shangazi Thuwaiba.

Naandika talkative, halafu nalitazama.
Limekaa wima, miguu pamoja, kama mtoto wa darasa la tatu
aliyeandikiwa ripoti: anaongea mno, ahamishwe kiti.
Ni kweli, lakini ni kweli ya mwalimu.
Nalikata.

Chatty, basi. Hilo jepesi, la chai na biskuti,
la jirani asiye na haraka.
Lakini Shangazi hakuwa biskuti.
Shangazi alipigiwa simu na mtu wa Sohar aliyekosea namba,
mtu anatafuta fundi wa mabomba,
na baada ya dakika arubaini walikuwa wameshafika
kwamba mama yake mtu yule na mama yao wao
walinyonya ziwa moja, Wete, mwaka mchele ulipoadimika.
Fundi pia alimpatia.

Garrulous lina mchanga ndani yake, lakwaruza.
Nalisikia kwa sauti ya mumewe, marehemu Ami Khalfan,
akiinuka kuzima kiyoyozi
ili angalau kelele moja ipungue nyumbani.
Nikiliandika nitakuwa nimesimama upande wa Ami,
naye kesi hiyo alishindwa angali hai.

Loquacious. Hilo limevaa joho,
limefukizwa udi, linaingia mlangoni kwa ubavu.
Angelipenda. Angelitamka vibaya makusudi,
lokwe, lokwe, kama kuku anayetafuta pa kutagia,
halafu angemuuliza Jincy kama kuku wa Kottayam nao hulia hivyo,
na Jincy angemweleza ya kwao yote:
deni la nyumba, mchumba aliyekwenda Doha asirudi,
mambo ambayo mimi, wiki ya tatu naonana naye kila siku,
sijayauliza.

Hapo kalamu iliponigomea.

Maana nimeona maneno mengi ya mtu anayesema sana,
sikuona hata moja la mtu anayesema sana
ili na wewe useme.

Na nani mimi wa kuchagua?
Sokoni Sib, nikiwa na miaka kumi na miwili,
alimshika muuza samaki kwa hadithi ya ndoa ya mtu
hadi barafu ikawa maji,
nami nikasogea kando, nikajifanya nakagua vitunguu,
mtoto wa watu wengine.

Nikaandika: chiriku.

Daktari Prema akalisoma, nyusi juu.
Huu ni ugonjwa?
Ni ndege, nikasema, mdogo tu,
nikaanza na ndege, nikapanda paa la bati la bibi,
nikateremkia kwa mtu wa Sohar, mabomba, mchele, ziwa,
nikakumbuka kuku, nikarudi kwa kuku,
foleni ikarefuka ukumbini,
simu ya mezani ikalia, ikakata tamaa.

Kitandani, upande wa kushoto wa mdomo,
ule unaotii bado,
ukasogea.

A-a, akasema Shangazi.

A-a.

Nimekosea mahali. Jina, au mwaka, au nani alimnyonyesha nani.
Jincy ameganda na trei ya dawa.
Prema ameinama, kalamu mkononi, haandiki.
Nami nimenyamaza kama sijapata kufunzwa neno,
nasubiri kusahihishwa.