Zamu ya Tatu, Kizota

Kabla hujasema mafuta haya yameletwa na jua,
njoo saa nane usiku ushike koleo langu.
Mpini nimeufunga kwa mpira wa baiskeli,
maana mti ulichoka kabla yangu.

Makaa ya mawe yanatoka Mbinga,
siku mbili njiani, tatu mvua ikinyesha.
Turubai likifunuliwa, weusi unameta
kama mgongo wa fahali aliyelowa.
Mama yangu aliamka na jogoo wa kwanza
kuufuata mti mmoja hadi upeo wa macho,
akarudi na miiba na mavi makavu ya ng'ombe.
Mimi moto naletewa na lori, kwa tani, kwa risiti.

Nafungua mlango wa boila.
Joto linanizaba kofi; sijibu.
Koleo la kwanza, la pili, la kumi na tisa,
nafunga. Mshale umesimama kwenye sita,
bosi anataka nane.
Kisha mabomba yanaanza kunong'ona,
mvuke unakwenda chumba cha pili kuipika alizeti,
alizeti ya Kongwa, ya Mpwapwa, ya mjomba Mnyambwa
aliyeuza magunia kumi na moja akabaki na deni.

Mbegu ni bahili. Ukiikamua ikiwa baridi
inadondosha machozi mawili, basi.
Ipashe, ibembeleze,
itatoa hata yale iliyoapa kuyaficha.
(Nhawa nilimpata hivyo hivyo. Msimwambie.)

Mwaka ule mto usio na maji miezi tisa
uliamka ukala barabara.
Lori likakwama ng'ambo ya Mtera, wiki nzima.
Tukachoma maganda ya alizeti, tukachoma magunzi,
viroba vya maganda ya karanga kutoka Kibaigwa:
moto wa sifa, unaruka, unapiga makofi,
ukigeuka kuchukua koleo umekwisha kufa.
Mshale ukashuka hadi tatu, ukalala.
Mbegu ikaganda kinywani mwa mashine
kama ugali kwenye koo la mwenye kwikwi.

Getini madumu yakapanga foleni bila watu.
Siku ya nne Mbeleje, anayekaanga chapati ng'ambo ya barabara,
alizisukuma nyembamba hivi
ukiinyanyua unaona vidole vyako upande wa pili.
Siku ya sita akapika uji.
Nikasimama mbele ya bakuli lile, mikono mitupu,
nikaona aibu kana kwamba ni mimi niliyekunywa mto.

Sikisifu kijiwe hiki. Nakijua.
Natema mate, mate ni wino.
Kiwanda kinatupa maziwa nusu lita ya kusafishia kifua,
nayapeleka nyumbani, anakunywa Matika,
kifua chake bado kina kazi.
Upepo ukitoka mashariki Nhawa haaniki shuka jeupe,
na majivu nyuma ya ukuta yameota kilima
ambacho mbuzi wenyewe wanakizunguka.
Mama akija kutoka Chamwino haingii ndani kwanza.
Anatazama lile dohani, kisha mkeka wake
wa mlenda unaokauka juu ya paa.
"Langu halina zamu," anasema. "Wala halikohoi."

Fundi wa boila kasema mwakani
yatakuja matanuri yanayojilisha maganda yenyewe,
moto mdogo, mrefu, usio na masizi.
Nikamuuliza, na koleo?
Akacheka, akaniuliza nina umri gani.

Saa kumi na mbili filimbi inalia.
Navuka barabara, sijanawa, njaa haijui sabuni.
Mbeleje ananipa chapati kwenye karatasi ya daftari,
hesabu za mtoto wa mtu zinaonekana kwa mafuta.
Mafuta yetu. Nayajua kwa harufu.
Naishika, na pale nilipoishika
gumba langu linabaki, jeusi, mistari yote.

Nilianza kula upande huo.