Doa

Mimi si daktari. Nilisomea hesabu,
na kila Jumanne saa mbili asubuhi, Moshi ikiwa bado ndani ya ukungu wa Mei,
nawafundisha madaktari wa kesho kuhesabu kijivu.

Hewa ni hasi elfu moja, nawaambia. Maji ni sifuri.
Mfupa uko juu huko, unang'aa kama bati jipya.
Katikati yake kuna vijivu vya kumwaga,
na jicho lako, hata ungekuwa mtoto wa nani,
halitenganishi zaidi ya makumi machache.
Basi chagua dirisha. Utakachokiona hapa
utakilipia kwa usichokiona pale.

Wiki iliyopita nilikuja na shina la mgomba kutoka Kibosho
na kisu cha mama mkwe.
Tulilikata vipande arobaini, tukavipiga picha kimoja kimoja,
tukavipanga upya ndani ya kompyuta
hadi mgomba ukasimama kwenye skrini, ukizunguka,
haudondoshi hata tone.
Utomvu wote uko kwenye shati langu. Hautoki.

Leo ni pafu. Mwanamke, miaka hamsini na tisa, jina limefutwa.
Picha ina chenga kama televisheni ya kijijini.
Elinisafi, mwepesi wa vidole, anailainisha mara moja,
mara mbili, mara ya tatu,
na pafu linatakata kama shuka la harusi.
Darasa linapiga makofi.
"Umemponya," nasema.
Anatabasamu. Kisha anaacha kutabasamu.
Anarudi nyuma hatua moja, ya pili, ya tatu,
na kwenye kilele cha pafu la kulia
kinarejea kitu kidogo, punje ya ulezi.

Hapo umeme unakatika.

Hakuna anayeondoka. Nachomoa kwenye bahasha ya kaki
filamu ya mgonjwa yuleyule, ya mwaka juzi,
Nakunda anaibandika kwenye kioo cha dirisha
na vichwa kumi na vinne vinagombania mwanga.
"Vumbi hilo."
"Vumbi gani? Ni kidole chako, ulikula maandazi."
Wanacheka. Nawaacha wacheke.

Nakunda anapuliza pumzi pale pale, anafuta
kwa pindo la koti lake jeupe,
taratibu, kama anayemfuta mtoto uso.
Nje mvua imeanza kwenye mibuni.
Anafuta tena.

Halitoki.