Gurudumu la Tano

Mtaliano aliondoka na mbwa wake wawili
akaniachia nyumba ya magurudumu
badala ya mishahara ya miezi saba.
"Mbodze," alisema, "hii ni mali."
Mali kweli: ina kitanda, ina sinki, ina kabati la viatu,
na pua ndefu iliyotangulia hewani
kama mtu anayenusa chungu kisicho chake.
Chini ya pua, chuma kinene kama ngumi
kinaning'inia, hakijui kitashikwa na nani.

Mimi nataka iende Gongoni
nipikie vibarua wa chumvi mbaazi na mahamri.
Ndugu yangu Jefwa ana pikapu.
"Tutafunga kamba," akasema.
Kamba! Kitu cha tani tatu,
na daraja la Sabaki liko palepale linakungoja.

Basi nikaenda Maweni kwa Shali, fundi wa kuchomelea.
Hakuniuliza nina pesa ngapi. Aliniuliza uzito.
Uzito wa nini?
"Wa kila kitu. Na sufuria. Na maji ya kupikia.
Usiniambie gari linavuta nini,
hata punda huvuta asichoweza kubeba.
Niambie mgongo.
Pua hii haifuati nyuma, inapanda,
inakaa juu ya ekseli kama mtoto kwenye mbeleko."

Akanitolea sahani tatu, akazilaza juu ya gunia.

Ya kwanza ilitoka kwenye lori lililokufa Mariakani.
Vijana wawili waliibeba wakiguna.
Imara, ndiyo,
lakini gari litachoka kabla hatujatoka uani.

Ya pili mpya, inang'aa, haisogei ng'o.
Shali akapima bodi ya Jefwa kwa shubiri: fupi.
"Ukikata kona kali, bega la nyumba
litapita kwenye kioo cha nyuma
limsalimie dereva kisogoni."

Ya tatu imetumika, rangi imebanduka.
Ukivuta mkono wake inarudi nyuma kiasi cha kiwiko,
inapisha kona, kisha inajirudia mahali pake.

"Wewe ungechukua ipi?"
"Mimi nauza zote."

Nikaingiza kidole kwenye koo la ile ya tatu.
Hii ina taya moja au mbili?
Hapo ndipo Shali alipovua miwani.
"Mbili. Zinakumbatia shingo nzima.
Ya taya moja hugongagonga,
kila tuta utalisikia kwenye magego."
Miaka tisa nimeosha vikombe vya watu;
kilicholegea nakijua kwa mlio.

Elfu arubaini na mbili.
"Hizo ni mbuzi sita," Jefwa akanung'unika.
Mbuzi gani anayevuta nyumba?

"Na mbona yaitwa gurudumu, na haizunguki?"
"Inazunguka, mama, ila kidogo kidogo.
Ikikaza sana itakatika, ikilegea sana itakuacha njiani.
Ipake grisi, usiipake maneno."

Jumapili tukaifunga,
bolti mpaka kwenye chesisi, si kwenye bati.
Jefwa akarudi nyuma, mimi nikimwongoza kwa mkono:
njoo, njoo, kulia, kulia yangu mimi! njoo,
kacha.

Nikapiga kigelegele. Shali akanikata jicho.
Akaweka mawe kwenye matairi ya nyumba,
akamwamuru Jefwa avute.
Gari likanguruma, nyumba ikagoma kuachwa.
Tena. Ikagoma.
Kisha akalala chali, tochi ya simu mkononi, mchana kweupe:
"Mlio hudanganya. Angalia taya."
Nikalala kando yake nikaangalia.

Nyumba ilipotoka pale iliposimama miaka yote
nyasi za chini zilikuwa nyeupe kama uzi,
sisimizi wakihamisha mayai yao mbio,
na katikati, kijiko kidogo cha kahawa, cha fedha,
kile alichonikata mshahara.

Nimekitia kwenye mkoba.
Haya, Jefwa. Kona hiyo, taratibu.