Alama Moja

Newala, Jumanne, umeme umekatika toka alfajiri.
Mzee Likwata, karani wa mizani miaka thelathini na miwili,
ameketi na mkewe mbele yangu,
amevaa koti la kaki la chama cha msingi.

"Chora saa, mzee. Mishale iseme saa tano na dakika kumi."
Akachora duara safi, la mkono uliozoea mihuri,
akaupeleka mshale mfupi kwenye tano.
Fomu inataka kumi na moja.
Fomu haikuzaliwa huku, haijui
kwamba sisi husoma namba moja tukatamka nyingine.
Nikakiacha kisanduku wazi.

Nikamwonyesha picha: simba, kifaru, ngamia.
"Huyu," akasema, kidole juu ya ngamia,
"ana unyevu. Mrudisheni akaanikwe."
Mkewe akacheka, kisha akaziba mdomo kwa pindo la kanga.

Usiku huamka kupima mito ya kulalia.
Huuning'iniza mmoja mmoja kwa vidole,
hutaja kilo kwa sauti, hutoa uzito wa gunia.
Mawifi wanasema karogwa na wakulima aliowapunja.
Mwanawe wa Masasi anasema uzee tu.
"Nawe daktari?"

Mimi niliyekaa miaka sita
nikikata bongo za maiti vipande vyembamba kama karatasi ya sigara,
ninayejua panapoanza kunyauka,
ndani, usawa wa sikio, mahali padogo kama kidole cha mwisho,
nikatafuta neno ambalo halitasikika kama tusi.
Nikasema, "Ni ugonjwa, mama. Una jina refu."
Akaitikia kwa kichwa
kama anayepokea stakabadhi ya malipo yatakayochelewa.

Swali la mwisho.
"Mzee, huyu uliyekuja naye ni nani?"
Akamtazama. Nje pikipiki iliwaka, ikazimika, ikawaka.

"Sikujua."

Mama akainamisha kichwa.
Ndilo jina lake, limeandikwa kwenye kadi ya bima:
Sikujua binti Nampoto. Baba yake alirudi toka mkongeni
akakuta mtoto keshaota meno.

Kalamu ikasimama juu ya karatasi.
Asiyejua husema sijui. Hajongezi ujinga wake hadi jana.
Au huyu jana ndiko anakoishi?
Mama hakuniuliza. Alikuwa anamfunga vifungo vya koti,
na yeye amemwinulia kidevu, kwa mazoea.

Nikaandika moja.
Kwa penseli.