Mkono wa Koti

Écija, mwezi wa saba, saa nane mchana.
Wenyewe mji wetu tunauita kikaango
na hakuna anayecheka.
Mbwa wa jirani kalala ndani ya beseni tupu.
Nimefunga madirisha, feni inazungusha moto uleule,
nami nashona.

Naitwa Casilda. Kazi yangu ni ngozi:
ya ng'ombe, ya mbuzi, na moja ya kangaruu
aliyoniachia Mjerumani mmoja, akasahau kurudi.
Wapanda pikipiki huniletea makoti yao
kama watu wanavyobeba majibu ya hospitali,
yamekunjwa, hawataki kuyatazama.

La Fermín liliingia Jumanne.
Lami ya njia ya Osuna imekula mkono
toka begani hadi kwenye kifundo.
Mkono wa koti, nasema.
Mkono wa Fermín ulikuwepo, umeshika kikombe,
unatetemeka kidogo tu anapoifikia ile kona katika maelezo.
Akauliza bei.
Nikapitisha kidole tunduni, kikatokea upande wa pili.
Nikamwambia, sitakudai sana.
Koti limeshalipa.

Watu husema ajali haina kinga.
Sawa, haina.
Goti linayo. Kiwiko kinayo.
Uti wa mgongo unayo, ya plastiki, nyepesi kuliko sahani,
naiuza hapo kwenye rafu ya chini
na vumbi lake.

Mpwa wangu Leandro ananipitia na fulana,
mikono wazi, shingo wazi, anang'aa jasho.
Shangazi, anasema, joto litaniua kabla ya lori.
Simcheki. Mwaka jana Benigno,
kajifunga zipu mpaka kooni, glavu, buti, kila kitu,
alizimia kwenye taa nyekundu.
Pikipiki imesimama, yeye akalala ubavu
kama gunia la ngano.
Nimeyaona yote mawili. Yote mawili yananiletea kazi.

Lakini ngozi ya ng'ombe nikiikata hunisubiri.
Naweza kwenda kula, nikalala kidogo, nikarudi,
nikaikuta wazi vilevile, hainilaumu.
Ile nyingine haina subira.
Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa,
nyuma ya skuta ya Ildefonso, gauni la pamba,
tunakwenda mtoni kuoga.
Upepo ulipita gaunini, mtamu, siwezi kusema uongo;
ule upepo naukumbuka kuliko Ildefonso.
Kisha mchanga barabarani, kiganja kimoja tu cha mchanga.
Muuguzi alinisugua changarawe kwa brashi
kama anayeosha viazi,
huku akiniuliza habari za shule.
Kovu linaanzia gotini. Siku za baridi linavuta,
mshono wa fundi mwenye haraka.

Basi nimemkatia Leandro koti.
Wiki tatu nimelitoboa kwa msharasi,
tundu moja moja, dogo kuliko dengu,
kifuani, mgongoni, chini ya kwapa,
mpaka kidole gumba kikafanya sugu.
Kila tundu ni hoja yake niliyoikubali.
Ngozi iliyobaki kati ya tundu na tundu
ni yangu.

Amelivaa. Akasema, shangazi, linapumua.
Ananipungia mkono na kuondoka nalo,
limefungwa vizuri, mpaka kona ya kanisa.
Ng'ambo ya kona sioni.

Jioni mawe ya uwanjani bado yanafuka.
Natoa skuta yangu, naenda kununua mkate.
Nimevaa kandambili. Koti langu liko msumarini,
nimelishona mwenyewe, halina hata mkwaruzo.
Mitaa miwili tu, najiambia.

Ildefonso naye alisema:
hapo mtoni tu.