Nyuma ya Daftari la Madeni

Mimi si mtu wa muziki. Nauza vipuri vya cherehani
nyuma ya soko la Mbuyuni, na redio
huwa naiwasha ili duka lisinune.
Lakini baba mdogo Anaeli alipofariki
wanawe waligawana kihamba, ng'ombe, hata masufuria,
zikabaki santuri arobaini na moja
ndani ya gunia la kahawa,
na gramafoni iliyowekewa kizibo mahali pa mguu wa nne.
"Mpeni Ndeshi," wakasema, "ana nafasi."
Nafasi! Chumba kimoja, Njoro, na jiko mlangoni.

Nikajiwekea sharti: Jumapili moja, santuri moja,
mwanzo hadi mwisho, bila kuruka,
kama dozi.
Alama naziandika nyuma ya daftari la madeni,
chini ya fundi Kimario, sindano kumi na mbili, hajalipa.

Ya kwanza: wanaume wanane wa bugaluu
wamesimama mbele ya posta, hakuna anayecheka.
Tarumbeta inaingia kama mgeni asiyejua hodi.
Saba.
Ya pili nililala. Nne, na nusu ya huruma.
Ya tano, wote husema ni dhahabu.
Kaka Elirehema alipiga simu kutoka Arusha:
"Hiyo usiongee. Sikiliza tu."
Nilisikiliza tu. Mtu anamlalamikia mwanamke
dakika tisa nzima,
na mwanamke hakupewa hata ubeti mmoja wa kujibu.
Tano, nikamwambia.
Akakata simu.

Ya tisa, luku iliisha katikati ya kiitikio:
sauti ikazama, ikazama,
binti akawa mzee, mzee akawa fahali,
kisha kimya,
na mvua ya masika juu ya bati ikashika zamu.
Nilicheka peke yangu gizani. Nane,
na sijui kama nane ni ya bendi au ya mvua.

Ya kumi na nne haina jalada.
Karatasi ya katikati imefutika, limebaki neno "Moshi",
sijui mji, sijui wa kuni.
Gita moja linazunguka palepale
kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.
Tatu, nikaandika, nikaenda kuepua maharage.

Wakati wa kuirudisha guniani nikaiinamisha dirishani.
Upande wa kwanza unang'aa kama kiatu cha Pasaka.
Upande wa pili, wimbo wa tatu, na huo tu,
umepauka, mifereji imelika
kama kizingiti cha nyumba yenye watoto wengi.

Baba mdogo! Karani wa mizani kiwandani,
mtu aliyeongea kwa kilo,
ambaye hata siku ya kumzika mkewe
alipita akituuliza kama tumekula.
Mara mia? Mara elfu?
Na saa ngapi, sisi sote tukiwa wapi?

Nikauweka tena. Na tena.
Nilitafuta jina la mtu, hakuna.
Nilitafuta kilio, hakuna.
Gita, mbuzi, kamba.
Kuna mahali tu, karibu na mwisho,
kidole cha mpigaji kinateleza
na mtu nyuma yake anaguna, au anacheka,
na hawakurudia kurekodi. Wakaliacha kosa liende sokoni.
Nikawa nangoja pale.
Mara ya sita nilitabasamu kabla hajakosea.

Jumatatu, Kimario alikuja kulipa sindano.
"Unaimba nini, mama?"
Sikujua kama naimba.
Nikafungua daftari, nikakata jina lake,
nikafungua nyuma, nikaikata na ile tatu.
Mahali pake sijaandika kitu.

Jumapili imepita, na nyingine.
Zimebaki ishirini na saba guniani,
Elirehema anauliza nimefika ipi,
mlima leo umejifunika hauonekani,
na mimi bado niko ya kumi na nne.