Kadi Yangu Ipo kwa Mama Kaanaeli

Kadi yangu ya kura ina picha mbaya:
nimefumba jicho moja, kana kwamba naikonyeza serikali.
Waliniandikisha Pasua, jua la saa saba,
nikiwa na miaka kumi na minane na wiki tatu.
Nilipopewa niliipuliza ikauke,
ingawa haikuwa mbichi.

Tangu hapo imefanya kazi zote ila ile moja.
Imesajili laini ya simu.
Imemtoa binamu Ndewirwa mahabusu usiku wa Pasaka.
Na mwezi wa nane, mama alipolazwa Mawenzi,
ikaingia kwenye droo ya Mama Kaanaeli, Kiboriloni,
nami nikatoka na elfu themanini
na tarehe.

Mimi ni fundi cherehani.
Msimu huu hatushoni sare wala vijora,
tunashona bendera:
asubuhi rangi za hawa, mchana rangi za wale,
pindo lile lile, mia tatu kwa kipande.
Uzi hauna chama, anasema fundi Mfinanga,
naye hukata nusu ya hiyo mia tatu.
Jioni nafagia. Vipande vimelala chini vimekumbatiana,
nikavikusanya, nikajaza mto wa mama.
Sasa analalia ilani zote
na usingizi bado haumjii.

Gari la matangazo likipita, sindano inaruka mshono.
Mlima haujatoka, leo siku ya tisa.
Mgombea mmoja aliunyooshea kidole kule ulikopaswa kuwa,
akasema, "Mlima ule ni shahidi yangu,"
na wingu likapigiwa makofi.
Na mimi nilipiga. Alisema vizuri.

Simchukii yeyote.
Nilikwenda kuwasikiliza wote, na swali langu nimeliandika
nyuma ya daftari la vipimo,
kati ya kiuno cha mama Shirima na bega la bwana harusi fulani:
*kwa nini dawa ipo duka la ng'ambo ya barabara
na dirishani hospitalini haipo?*
Kipaza sauti kilipewa wazee, kisha kwaya,
kisha giza likaingia.

Jumatano, saa kumi na mbili, nilikuwa mlangoni kwa Mama Kaanaeli.
Akafungua droo. Mungu wangu,
mtaa mzima umo, umefungwa kwa mpira kama karata.
Akalowesha kidole, akatuchambua mmoja mmoja,
akanitoa, jicho langu moja limefumba.
"Elfu hamsini na mbili imebaki. Kapige, mwanangu,
jioni iwe hapa."
"Na hawa wengine?"
"Hawajaja wenyewe."
Akafunga droo. Kisha, taratibu,
"Utanishikia foleni? Miguu yangu unaijua."
Nikamshikia.

Darasa lilikuwa lile nililosomea la nne.
Ubaoni kulikuwa na hesabu ya kugawanya, haijamaliziwa,
na baki haijaandikwa.
Nikaingia kwenye kituturi.
Humo ndani, kwa dakika moja nzima,
hapakuwa na mtu anayenidai.
Nikakaa kidogo kuliko ilivyolazimu.
Kalamu ilikuwa imefungwa kamba fupi,
nafasi ya swali haikuwepo,
nikaweka vema yangu mahali nilipoweka,
na sisemi ni wapi.

Jioni niliirudisha. Akaiingiza chini ya ule mpira,
akaniuliza mama anaendeleaje,
akanipa parachichi mbili nimpelekee.

Alhamisi ilikuwa gauni la harusi, jeupe kama maziwa.
Nilishona siku nzima nikiwa nimekiinua juu kidole changu kidogo,
kile cheusi, mbali na kitambaa,
kama mtu anayekunywa chai ukweni.
Fundi Mfinanga akacheka, "Kishushe, wewe, wino umekauka."

Najua umekauka.
Sikukishusha.